Mafundi mnaoziba sefti valvu za kompresa za watu, mnatutegea mabomu majumbani!

Wakuu habari za jioni. Leo nina hasira na sitapunguza maneno, maana hili jambo naona kila mtu analichukulia poa, fundi, muuza duka, hadi majirani wanaokuja kuazima.

Nina karakana ndogo uani kwangu, napiga rangi vitanda na makabati. Kompresa, yaani mashine ya kubana upepo wa kupigia rangi, ni hizi za kawaida, tangi lita 50, kwenye kibandiko imeandikwa 8 bar (bar ni kipimo cha presha). Juzi kati ikaanza kulia psss mfululizo kwenye sefti valvu, ile inayomwaga upepo presha ikizidi, na mota haizimi, nikaipeleka kwa fundi ambaye mtaani kwetu anasifiwa sana. Nikaambiwa njoo uchukue imepona. Nimefika akaiwasha anionyeshe, mimi macho yangu yako kwenye geji, mshale ukafika 8 ukapita, ukaenda 9 bado unapanda, mota imeanza kuguna kwa kuelemewa, na kijana wake amekalia tangi anachezea simu! Nikachomoa plagi mwenyewe nikamwambia dogo shuka hapo haraka. Kuja kuangalia vizuri, pale ilipokuwa sefti valvu kuna bolti. Bolti ya chuma imeviringishiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba imekazwa mpaka mwisho.

Namuuliza ananijibu bila wasiwasi wowote, "bosi ile ilikuwa inavujisha tu, saivi inashika upepo vizuri kuliko mwanzo".

Jamani. Jamani! Ile valvu ilikuwa inafanya kazi yake. Mbovu ilikuwa swichi ya presha, yaani ile inayotakiwa kuzima mota ikifika 8. Ikigoma kukata, labda pointi zake za ndani zimeungua zikagandana, mota inaendelea kusukuma upepo tu, na hapo ndipo sefti valvu inafunguka yenyewe kumwaga kinachozidi. Sasa wewe fundi umeacha ugonjwa ulivyo afu umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinatulinda. Baada ya hapo mota inajaza mpaka izidiwe au iungue, au tangi lipasuke, na hakuna anayejua kipi kitatangulia.

Na kwa wanaosema upepo ni upepo tu, 8 bar maana yake kila sentimeta moja ya mraba ya lile bati inasukumwa na kama kilo 8. Chukua kipande cha sentimeta 10 kwa 10, ukubwa wa kiganja tu, hapo ni kama kilo 800. Bati likiachia halitoi pancha ya taratibu kama tairi la baiskeli, linachanika na vipande vinaruka, na uani kwangu watoto ndo wanapita hapohapo kwenda bombani.

Ieleweke pia, kuna mlio wa kawaida. Mota ikizima unasikia psss fupi chini ya swichi, hiyo inatoa upepo uliobaki kwenye bomba la kichwani ili mota isiwake ikiwa na mzigo, hiyo achana nayo. Ila ikilia mfululizo kwenye sefti valvu na geji imepita alama, zima umeme, toa upepo wote, tafuta swichi mpya. Kupima valvu ni rahisi, ina kile kipete, tangi likiwa na upepo kidogo vaa miwani vuta kipete, upepo utoke kwa nguvu, ukiachia ukate. Kisipovutika kimeshika kutu, hiyo valvu haina kazi tena.

Jingine linaloniudhi ni maji. Nani kwenye hizi karakana zetu anafungua koki ya chini ya tangi? Dar hii na joto lake na unyevu wake, ukishinda unapiga rangi maji yanakusanyika mle ndani, ukiyaacha yanakula bati kwa ndani huku nje rangi nyekundu inang'aa kama mpya. Nimefungua kompresa ya jirani yangu wiki hii yametoka maji ya kahawia kama chai ya rangi, na yanatoka na magamba ya kutu. Halafu lile tangi lilishawahi kutoboka kitundu wakalichomelea! Tangi lililooza kwa ndani halichomelewi wakuu, linatupwa, na ulitoboe kabisa kabla hujatupa asije mwingine akaliokota akalipaka rangi akaliuza. Maana hilo nalo lipo, kompresa za mtumba zinapakwa rangi zinawekwa dukani, muuzaji ukimuuliza tangi la mwaka gani anakwambia "hii mashine ya kazi mzee".

Na nyie mnaojipuliza vumbi kwenye nguo na mpira wa upepo mnanitia hofu kila siku. Marekani sheria yao inataka upepo wa kusafishia uwe chini ya PSI 30, yaani kama 2 bar, na hata hapo ni kwa kusafishia vitu, siyo mwili wa mtu. Upepo ukiingia kwenye kidonda unaweza kuingia chini ya ngozi au kwenye mshipa. Ule utani wa kuwekeana mpira makalioni umeua wafanyakazi kule India, matumbo yamepasuka. Nimeshafukuza kijana karakanani kwangu kwa huo utani na sijutii.

Najua watakuja wa "mbona sisi tumetumia miaka yote haijatokea kitu". Hao nawauliza, mtoto wako anacheza umbali gani na hilo tangi?

Fundi anasema ile valvu yangu ameshaitupa. Kwa hiyo natafuta sefti valvu ya uzi wa robo inchi, iliyoandikwa presha yake kwenye mwili, siyo zile tupu zisizo na maandishi, pamoja na swichi ya presha ya 8 bar ya mota ya HP 2. Mwenye kujua duka la uhakika Dar aweke hapa. Na mwenye kompresa iliyotoka kwa fundi karibuni aende aiangalie leo kama valvu bado ipo.