Mliokaa China: Wachina wanaionaje vita ya Ukraine? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Vita ilipoanza tarehe 24 Februari 2022 mi nilikuwa Wuhan nasoma. Kilichonishtua ni maneno yenyewe, ukifungulia taarifa ya habari ya CCTV (televisheni ya taifa ya China) neno uvamizi hulisikii, ni "mgogoro wa Ukraine" tu, halafu NATO ndo inatajwa kama chanzo. Mwenzangu wa maabara akiongea ni kama narudiwa taarifa ya jana yake. Nyie wengine mlikutana na nini?

Mdau wa Guangzhou:
Mi nachukua mzigo mtaa wa Xiaobei. Siku moja nikamuuliza mzee wa stoo mbona mnawatetea sana Warusi, akaniambia mwaka 1999 ndege ya Marekani ilipiga ubalozi wetu kule Belgrade wakafa waandishi wa habari 3, je nani aliwawekea vikwazo? Anaongea huku anazungusha selotepu kwenye boksi langu, wala hajakasirika. Wamarekani walisema ramani ilikosewa, mzee anasema hajaamini mpaka leo. Hapo ndo nikamuelewa, Ukraine yenyewe haijui vizuri, anayemuangalia ni Mmarekani.

Mdau wa Beijing:
Tarehe 4 Machi tuko hosteli tunaangalia ufunguzi wa Paralimpiki, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki, Andrew Parsons, akaanza kuongelea amani na kulaani vita, mtafsiri wa CCTV sehemu hiyo akaipita kimya. Wikiendi hiyohiyo na EPL haikurushwa kabisa, maana huko Uingereza walipanga kuonyesha wako na Ukraine. Tuliumia, sisi mpira ndo ulikuwa unatusogeza.

Dada wa Nanjing:
Jamani msiwaweke wote kapu moja. Siku mbili tu baada ya vita kuanza maprofesa 5 wa historia, mmoja wao wa huku Nanjing, waliandika barua ya wazi kuipinga Urusi, haikumaliza siku ikafutwa. Mwalimu wangu mmoja, mama mtu mzima na mpole kweli, alinitumia hiyo barua usiku kwa WeChat (app yao ya kuchati), nikaisoma kwa shida na Kichina changu kile, asubuhi nafungua tena linki haipo. Tukakutana kwenye ngazi akaniuliza kwa sauti ya chini, umeisoma? Nikamwambia nimeisoma mwalimu. Akasema haya, twende darasani.