Naomba ushauri: buti ya mtumba ya kupandia Mlima Kilimanjaro kwa mpagazi anayeanza

Mtarajiwa: Wakuu, habari za jioni. Juma lijalo naanza kazi ya upagazi Mlima Kilimanjaro, na hii ndiyo safari yangu ya kwanza. Nina shilingi 90,000 za buti na mavazi, na tayari ninazo sweta mbili nzito pamoja na suruali ya jinzi ambayo haijachakaa. Naomba mnieleze namna ya kuitambua buti imara, kwa kuwa nimeambiwa tutaingilia Marangu, tutalala kwenye mahema, kisha tutafika Barafu, ambako baridi haina mchezo.

FundiViatu: Usidanganywe na ngozi inayong'aa. Buti nyingi za mlimani zina tabaka laini la poliyurithani, yaani povu la plastiki, kati ya ngozi na soli ya chini, na tabaka hilo huliwa na unyevu wa hewa taratibu hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti iliyofichwa miaka mingi Ulaya hufika soko la mitumba la Memorial hapo Moshi ikionekana mpya, halafu soli hubanduka siku ya pili ya safari. Libonyeze tabaka hilo kwa kidole gumba, kisha ukunje kiatu pale vidole vinapopindia. Ukiona nyufa au chengachenga, kirudishe. Watu huniletea viatu vya namna hiyo nivishone, lakini hata uzi hauna pa kushika.

BibiWaKihamba: Marehemu mume wangu alipanda mlima huo akiwa amevaa buti za mpira za mvua, mifuko ya nailoni ikiwa ndani ya soksi, na hakumwomba mtu ushauri. Vijana wa sasa mnataka kazi ngumu iwe na mto wa kulalia.

MlaMbege: Kwa 90,000, nunua buti ya mguu wa kulia mwaka huu, ya kushoto utaipata msimu ujao.

Mkweaji: Shikamoo Bibi, lakini wenzake mumeo wengi walirudi na vidole vilivyokufa ganzi. Mtarajiwa, hiyo jinzi iache nyumbani. Ni pamba, na ikilowa msituni haikauki tena. Ukifika juu inasimama kama bati. Tafuta suruali ya nailoni, fulana ya ndani ya sufu au poliesta, na koti la mvua. Buti ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi nzito, na hakikisha kidole kimoja cha mkono kinapita nyuma ya kisigino. Kilo 20 za mzigo hukusukuma mbele wakati wa kushuka. Mimi nilishuka Mweka na buti zilizobana, nikapoteza kucha mbili. Moja imeota upande hadi leo, na mke wangu huiita kwato. Je, wewe unavaa namba ngapi, na buti umeshaiona?

Mtarajiwa: Navaa 43. Kusema kweli nimeshaiona. Ni 42, na nimeshatanguliza 50,000. Ngozi si hutanuka, jamani?

FundiViatu: Hutanuka upana, hairefuki. Ni muuzaji gani huyo asiyeweza kukurudishia fedha?

Mtarajiwa: Ni shemeji yangu, mume wa dada. Ndiye kiongozi wa safari na ndiye aliyeniandikisha, kwa hiyo nikiikataa buti sina hakika kama jina langu litabaki kwenye orodha. Msimwone mtu mbaya, amenipunguzia bei. Nadhani nikivaa soksi nyepesi mguu utaingia.

Mkaguzi: Hadithi hii imetungwa. Njia ya Marangu ndiyo ambayo wageni hulala vibandani, yaani Mandara, Horombo na Kibo, wala haipiti Barafu, iliyo kwenye njia ya Machame. Hayo mahema yametoka wapi? Wasimamizi, ufungeni uzi huu.

MlaMbege: Nami nilishtuka. Shemeji wa kweli hauzi kiatu, huazima chako asikirudishe.

Mtarajiwa: Sijatunga chochote. Nimeandika nilivyoambiwa, kwani mimi geti lenyewe sijawahi kulivuka.

Mkweaji: Basi buti imekuwa jambo dogo. Kiongozi hawezi kuzichanganya njia hizo mbili. Muulize geti ni lipi, kampuni ni ipi, na kama utasajiliwa kwa jina lako. Mavazi yasikusumbue, kwani Kilimanjaro Porters Assistance Project hapo Moshi huwaazima wapagazi bila malipo. Pitia huko kabla ya kutoa shilingi nyingine.

BibiWaKihamba: Na hiyo 50,000 usiidai kabla dada yako hajajua.

Mtarajiwa: Nimerudi, wakuu. Shemeji amesema ni Machame, na kwamba Marangu alinitajia kwa kuwa ndiko tutakakokutana. Kampuni atanitajia siku ya safari. Buti nimeibonyeza mbele yake kama Fundi alivyoelekeza. Kidole gumba kikazama, na unga ukabaki kwenye ukucha. Akacheka, akaniambia nitie gundi.

FundiViatu: Gundi haishiki unga.