Jeshi la lazima kwa vijana: je, faida zake zinazidi hasara?

Swali: Ndugu zangu, je, ni haki taifa kumlazimisha kila kijana avae sare za jeshi, hata kama moyo wake haupo huko?

Jibu la 1: Naunga mkono. Sweden ilisitisha utaratibu huo mwaka 2010, kisha ikaurejesha mwaka 2017, kwa sababu waliojitolea hawakutosha na hali ya usalama ilikuwa imebadilika. Jeshi la akiba haliundwi siku vita vinapobisha hodi.

Jibu la 2: Hoja hiyo ina uzito, ndugu yangu, lakini tuitazame gharama. Huko Korea Kusini wanaume hutumikia mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi wao hufunga vitabu katikati ya masomo ya chuo kikuu, wakirudi darasani huku mikono imezoea bunduki kuliko kalamu. Tena, kuruta aliyeletwa kwa shuruti atalindwa na nani akinyanyaswa na wakubwa wake kambini?

Jibu la 3: Ndiyo maana mimi nataka utumishi mbadala. Nchini Austria, anayekataa silaha kwa sababu ya dhamiri amekuwa akitumikia miezi 9 badala ya 6, pengine akibeba machela au akimwinua mzee kitandani asubuhi. Sharti la namna hiyo ningelikubali hata kwa mwanangu.