Wauza vifaa vya kompyuta Mwanza, mnatuuzia maandishi ya kwenye boksi

Wakuu, nina hasira na leo sifichi.

Narekodi kwaya za kanisani huku Igoma. Laptopu yangu ni ya zamani ila iko imara, na ubavuni ina tundu la ExpressCard, lile la kuchomeka kadi za ziada. Nikaingia duka moja mitaa ya Makoroboi, nikaiweka mezani, nikawaonyesha tundu lenyewe: nataka kadi ya sauti ya kuingia hapa, nichomeke maiki mbili za kondensa. Muuzaji hata hakuinama kutazama. "Inaingia hiyo kaka, zote saizi moja."

Saizi gani? Alichonipa ni CardBus, aina ya kadi ya zamani zaidi! Upana wa milimita 54 upo, sawa, lakini mdomo wake una vitobo 68, wakati ExpressCard ina pini 26 na inaongea na mashine kwa njia nyingine kabisa. Usukume utakavyosukuma, haishiki.

Nikarudisha. Hela hakuna, naonyeshwa kibao cha ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Mali iliyouzwa kwa uongo nayo hairudishwi? Wakanibadilishia kile kidude cha USB kilichoandikwa 7.1, yaani sauti ya spika nane, kwa herufi kubwa. Kina tundu moja tu la maiki, na sauti inaingia chaneli moja. Ya kutoka ni kushoto na kulia basi, hiyo 7.1 ni programu inaigiza. Halafu maiki ya kondensa ya studio inadai volti 48! Kidude kinapewa volti 5 za USB na hakina chochote cha kuzipandisha.

Wanakwaya wamejaa chumbani, kuna mama kaacha meza yake ya dagaa Mwaloni kuja kuimba, mimi kwenye hedifoni nasikia mvumo mtupu. Nimewarudisha watu makwao.

Kinachoniuma ni kwamba kuchomeka na kusikiliza kabla ya mteja kulipa ni kazi ya dakika mbili. Balbu tu tunajaribishiwa dukani, kwa nini kifaa cha sauti nipewe kwenye boksi lililofungwa?

Mlioko Mwanza, nitajieni duka linalokubali kujaribu kwanza. Natafuta kifaa cha kurekodia cha USB chenye matundu mawili ya XLR, yale ya duara ya maiki za studio, na swichi ya volti 48. Kwaya inarudi Jumamosi.