Kichina, Kifaransa au Kiingereza? Niko Mbeya, naomba ushauri

Mwana wa Uyole: Wakuu, poleni na baridi. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Hela niliyonayo inatosha kozi moja tu ya lugha. Nyumbani tunalima parachichi Rungwe. Yeye anang'ang'ania Kichina, eti ndicho chenye watu wengi. Mimi navutwa na Kifaransa. Mnasemaje?

Dereva wa Tunduma: Kifaransa, mkuu. Napeleka mizigo Lubumbashi. Mtaani kule Kiswahili kinatosha kabisa, kina ladha yake lakini mnaelewana. Shida ni Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo: karatasi za forodha ni Kifaransa kitupu. Usipojua kusoma, wakala anakutajia bei anayojisikia. Na Kongo iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Mama Parachichi: Kaka dereva, parachichi za hass za Rungwe haziendi Lubumbashi. Zinaenda Ulaya, na mnunuzi awe Mholanzi au Mfaransa, bei anakutumia kwa Kiingereza. Fomu za ukaguzi hivyohivyo. China nayo ilikubali parachichi zetu 2022, ila hata huko mawasiliano yangu yote ni Kiingereza. Kichina kinaongoza kwa waliozaliwa nacho, lakini wengi wao wako kwao. Kiingereza kinazungumzwa na watu kama bilioni 1.5, na wengi si lugha yao ya mama. Ndiyo maana kina nguvu: kinakutanisha wageni kwa wageni. Mwana wa Uyole, huyo dogo anaweza kuandika barua ya biashara? Cheti cha kidato cha sita kisikudanganye.

Mzee wa Iyunga: Wachina walitujengea TAZARA, ikakamilika 1975. Reli ipo, Kichina mtaani hakikubaki. Ila siku hizi kijana anayekijua vizuri anapata ukalimani kwenye miradi yao, na analipwa. Msikidharau.

Binti Kihesa: Mbona Kihispania hamkitaji? Nchi kama 20 hizo! (Natania, huku Iringa ningeongea na nani.)

Mwana wa Uyole: Shikamoo mzee, nimekusikia. Mama, nimempa dogo aandike ofa ya tani moja ya hass kwa Kiingereza. Nusu saa sasa, bado yuko kwenye salamu. Nani anafundisha Kiingereza cha biashara hapa mjini, na ada ikoje?