Viti vya Møller, kabati la "Arne Vodder" au kiti cha France & Søn: kipi kina jina la uhakika?

Mzenji_Aarhus
Wakuu, naomba macho yenu. Kuna mzee anauza samani za zamani karibu na ninapoishi hapa Aarhus, Denmark, na mfuko wangu unatosha kitu kimoja. Ana viti vinne vya mezani, vya mtiki, vilivyosukwa kwa kamba ya karatasi, krone 7,500. Ndani ya fremu kuna muhuri wa kuchomwa: J.L. Møllers Møbelfabrik. Ana kabati refu la vyombo lenye milango ya kusukuma pembeni, krone 9,000. Anasema ni la Arne Vodder, ila jina silioni popote, nimeona kialama cha duara tu cha Danish Furnituremakers' Control. Na ana kiti cha kupumzikia chenye kisahani cha chuma cha France & Søn, krone 4,000, anadai kilichorwa na Finn Juhl.

Nataka kitu ambacho mwanangu akiniuliza nani alikitengeneza, nimjibu bila kubabaika. Mngechukua kipi?

FundiChaki
Mkuu, kabla ya bei tenganisha watu wawili: aliyechora na aliyetengeneza. Denmark ya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Hans Wegner, mchoraji wa samani, alichorea karakana nyingi. Mwaka 1951 viwanda vitano viliungana kuuza kazi zake kwa jina la Salesco: Carl Hansen & Søn kwa viti, Andreas Tuck kwa meza, Ry Møbler kwa makabati, AP Stolen kwa viti vya kuvikwa kitambaa, Getama kwa vitanda vya mchana. Ukikuta muhuri wa Andreas Tuck chini ya meza, umeijua karakana, bado hujamjua mchoraji. Umbo lenyewe lazima likubali.

Kwa Møller kazi ni nyepesi. Niels Otto Møller alianzisha kiwanda mwaka 1944, na viti vyake mashuhuri alivichora mwenyewe: namba 71 ya 1951, 75 ya 1954, 78 ya 1962. Muhuri mmoja, majibu mawili. Kipindue uangalie pia kamba: ya Møller inashikwa na misumari iliyopinda kona, upande wa ndani wa fremu. Kile kiti cha Wegner chenye mgongo wa herufi Y, kamba yake inazungushwa fremu nzima.

Mimi ningebeba viti.

DadaRukia_Leicester
Kaka Mzenji, kabati liogope. Hicho kialama cha duara ni cha udhibiti wa ubora wa chama cha watengenezaji samani, ulioanza 1959. Kinakuambia kazi ilikaguliwa na kwamba kabati haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Mchoraji hakimtaji.

Na hilo jina Vodder limewaponza wengi. Arne Vodder alikuwa mchoraji, na makabati yake yanayosifiwa zaidi yalitengenezwa na kiwanda cha Sibast. Niels Vodder alikuwa seremala wa Copenhagen aliyetengeneza viti vya Finn Juhl, kikiwemo kile kikubwa cha "Chifu" cha 1949. Muuzaji akisema "Vodder" tu, muulize yupi. Mishiko iliyochongwa ndani ya mbao kama mwezi mchanga iliigwa na viwanda chungu nzima, kwa hiyo isikushawishi peke yake. Toa droo zote, mulika tochi mgongoni, chini, na kwenye kuta za ndani.

Nasema kwa uchungu. Miaka iliyopita niliuziwa kabati nikaambiwa ni la Denmark. Mchoraji kweli alikuwa Mdenmark, Ib Kofod-Larsen, lakini kabati lilitengenezwa High Wycombe, hapa hapa Uingereza, na G-Plan. Ni kabati zuri na bado ninalo. Ila nililipa bei ya Copenhagen.

Mjukuu_wa_Seremala
Na kabati je, ni mtiki? Likiwa la kahawia iliyoiva, lenye michirizi myeusi inayotembea kama moshi, huenda ni palisanda ya Brazil. Huo mti ni ndugu wa mpingo wetu, wote ni Dalbergia. Tangu 1992 uko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuuvusha mpaka bila kibali ni kesi. Ukifikiria siku moja kurudi na kabati Unguja, jua hilo mapema.

Salma_K
Kaa kwanza juu ya hivyo viti, kaka, dakika ishirini. Jina halitakutuliza mgongo.

FundiChaki
Dada Salma kasema kweli.

Nirudi kwa France & Søn, maana hapo jina la kampuni lenyewe ni kalenda. Ilianza kama France & Daverkosen, ikawa France & Søn mwaka 1957, kisha Poul Cadovius akainunua mwaka 1966 na baadaye bidhaa zikabeba jina la Cado. Kisahani chako, basi, ni cha karibu miaka hiyo tisa. Lakini waliowachorea walikuwa wengi: Finn Juhl, Grete Jalk, Ole Wanscher, na wale wawili Peter Hvidt na Orla Mølgaard-Nielsen. Wauzaji humtaja Juhl kwa sababu ndiye mwenye bei.

DadaRukia_Leicester
Kiti cha Juhl kinachotajwa sana pale ni namba 133, mikono yake mipana kama makafi. Designmuseum Danmark wana faharasa ya samani mtandaoni, na wewe uko huko huko. Pima kimo, upana na kina, hesabu fito za mgongoni, ulinganishe.

Mzenji_Aarhus
Nimerudi jana na futi na tochi. Kabati: nimetoa droo zote, hakuna jina, na mbao ni mtiki kweli. Nimeliacha. Viti vya Møller: muhuri upo kwenye vitatu, cha nne kina kamba mpya na msasa umepita kila mahali, sioni kitu. Kiti cha France & Søn: mikono si makafi. Nimekitafuta kwenye faharasa usiku kucha. Umbo na vipimo vinakubali kwa yule mchoraji mwanamke, Grete Jalk. Nilimwonyesha mzee, akatazama kimya, akasema basi chukua kwa 3,000.

Nimekichukua. Kamwambie mtoto jina la mwanamke, mke wangu ameshasema.

FundiChaki
Hongera. Ningali upande wa viti, lakini 3,000 ni halali yake. Ukimpelekea fundi kubadilisha foronya, piga picha kisahani leo na umwambie asikiguse. Visahani vingi hung'olewa wakati wa kupiga msasa.