Nataka kumpeleka mama Göteborg, Sweden, siku mbili: mpango huu hautamchosha?

Binti wa Chumbageni

Habari zenu. Mama yuko nami hapa Copenhagen tangu mwezi wa sita, anarudi Tanga mwezi wa tisa. Kazi yangu ni ya zamu, na wikiendi pekee niliyopata ni ya katikati ya Agosti. Nataka tupande treni Ijumaa jioni, turudi Jumapili. Ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua, ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, akiona maji uso wake unafunguka. Lakini tangu aje anashinda dirishani ghorofa ya nne akitazama maegesho ya magari. Hilo linaniuma sana.

Nimepanga hivi: Jumamosi asubuhi Liseberg, bustani ya bembea, mchana jumba la sanaa la Götaplatsen, jioni tupande ngome ya zamani ya Skansen Kronan tuuone mji. Jumapili kisiwa cha Marstrand, kisha treni. Mnaonaje?

Bibi wa Hisingen

Mwanangu, huo ni mpango wako, si wa mama yako. Nimeishi huku miaka 19 na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kwa hiyo magoti nayajua. Skansen Kronan iko juu ya kilima na njia ya kutoka mtaa wa Haga ni ngazi tupu. Liseberg ni bembea na foleni. Marstrand ni kuzuri, lakini ni basi refu kisha kivuko, na mtarudi mbio kuwahi treni. Futa vyote vitatu.

Jumamosi mpe boti, basi. Pandeni tramu namba 11 hadi Saltholmen, kama nusu saa kutoka katikati ya mji. Mkiona ngazi kwenye mlango wa tramu, iacheni, ngojeni yenye sakafu ya chini. Reli inaishia pale pale gatini. Tiketi ya tramu ndiyo ya boti pia, hamlipi tena. Nunua ya saa 24 kwenye simu kabla ya kupanda, maana dereva hauzi tiketi. Kisha chukueni boti ya Vrångö, kisiwa cha mwisho kusini. Usihangaike na kutembea mkifika. Safari yenyewe ndiyo matembezi: mama anakaa dirishani, visiwa vinapita, watu wanapanda na mikate na mbwa wao. Mtapita Donsö. Mwonyeshe, mwambie kisiwa hicho kidogo kina kampuni kadhaa za meli za mafuta, watu wake ni mabaharia kizazi kwa kizazi. Binti wa nahodha ataelewa kuliko sisi.

Mama mkwe wangu, Mpemba, nilipompeleka mara ya kwanza alisimama gatini muda mrefu akitazama mawe. Akaniuliza, "Maji haya yanakupwa saa ngapi?" Nikamwambia hayakupwi, au yanakupwa shubiri moja tu, upepo ndio unaoyapandisha na kuyashusha zaidi. Hakuamini. Aliweka alama kwa kijiwe juu ya mwamba, pale maji yalipofika, na tuliporudi alasiri akaenda kuikagua. Iko pale pale. Alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo akinipigia simu anauliza, "Bahari yenu isiyokupwa haijambo?"

Na kosa langu la siku ile nikwambie usilirudie. Kisiwa cha Styrsö, cha njiani, kina gati zaidi ya moja: kuna Bratten, Tången na Skäret. Tulishuka Skäret nikidhani ni Bratten, na kati yake kuna mlima. Teksi hakuna. Boti nyingine tuliingoja zaidi ya saa nzima, upepo unavuma, mama mkwe kajifunga khanga mbili. Nilijisikia vibaya mno. Kwa hiyo soma jina la gati kabla hujainuka kitini, na ratiba ya kurudi uiangalie kabla ya kuondoka, si mkiwa kisiwani.

Mlamu wa Oslo

Bi Mkubwa amemaliza. Nyongeza yangu ndogo: visiwa hivyo havina magari ya watu binafsi. Mizigo inabebwa na vipikipiki vya magurudumu matatu vyenye sanduku mbele, kama guta za kwenu Tanzania. Mtu wa kwetu Lamu anajisikia nyumbani kabisa, wamekosekana punda tu.

Supu ya samaki muulizie kwanza, maana mara nyingi hutiwa divai. Na mbebe pasipoti, mpakani hukaguliwa.

Binti wa Chumbageni

Shikamoo Bibi, na asante kaka. Nimefuta vyote. Jumapili basi tufanye nini? Chakula ndicho kinachonitia wasiwasi, hali kitu asichojua kimepikwa na nini.

Bibi wa Hisingen

Marahaba mwanangu. Jumapili kunyweni chai Haga, kwenye zile nyumba za chini mawe na juu mbao. Barabara yake ni ya mawe, mshike mkono. Agiza andazi lao la mdalasini, ni kubwa kama sahani, moja linawatosha wawili. Lile lenye iliki mpe alinuse kwanza kabla ya kula, usimwambie kitu, umtazame tu uso. Wasweden wanatia iliki kwenye maandazi kama sisi. Uliza limetiwa mafuta gani, watakujibu bila kukasirika.

Nguvu zikibaki, nendeni bustani ya Slottsskogen mkawaone sili, wale wanyama wa baharini, ni bure na mabenchi ni mengi. Samaki muwanunue Feskekôrka Jumamosi. Ni soko la mwaka 1874 lenye umbo la kanisa, kwa hiyo mwambie mapema kwamba ndani ni samaki tu. Msikiti uko huku kwetu Hisingen, Ramberget. Magharibi mwezi huo inaingia karibu saa tatu usiku, asijechanganyikiwa. Mwavuli acha, upepo utaugeuza. Koti la mvua.

Binti wa Chumbageni

Nimemsomea yote. La kijiwe amelicheka, anasema naye ataweka chake. Ameuliza jambo moja tu: huko kuna chombo chochote chenye tanga?

Bibi wa Hisingen

Kipo. Ni meli iitwayo Viking, milingoti minne, imetia nanga Göteborg tangu 1950 na sasa ni hoteli. Iliundwa mwaka 1906, hapo hapo Copenhagen mnapoishi. Mkae bandarini Lilla Bommen mbele yake, karibu na stesheni, mkingoja treni ya Jumapili. Mwache ahesabu foromali, ile miti ya kufungia matanga.